Nilizima Apdeti

Adhiambo uko? Nimefanya kitu kibaya.

Ile kompyuta ya sebuleni tunayoonea filamu imeingia virusi. Video zote za harusi yetu zimefungwa, hazifunguki!

Ni mimi. Filamu zilikuwa zinakwamakwama, nikazima apdeti za usalama ndio iwe na kasi. Bramwel sikumwambia.

Sasa mama yake ndiye alikuwa anatazama mahubiri ilipojifunga. Bramwel akamfokea, "Mama, usiiguse tena!"

Mama yake mzazi! Na mimi nikakimbilia jikoni.

Mama akanifuata huko. "Beverly mwanangu, nisamehe, nimewaharibia harusi yenu."

Ananiomba msamaha. Mimi!

Nikamwita Bramwel, nikasema yote mbele ya mama. Yeye ametoka nje.

Mama ndiye amesema, "Haya mtoto wangu, geuza obusuma, ugali unaungua."