Ushuhuda Wangu Una Mtu Niliyemficha

Mpendwa mshauri,

Nina miaka themanini na miwili, nimewazika kaka zangu watatu na madaktari wawili walioniambia sitafika sitini, kanisa letu la zamani la mabati limeanguka mimi nikilitazama, na meno yangu ninayo karibu yote. Mimi ni fundi mwashi, kuta zangu hazina ufa, anayebisha na aje na timazi apime kama zimenyooka. Nataka unisaidie jambo moja tu, mengine nayajua.

Miaka arobaini iliyopita nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi nikavunjika paja, nikalazwa miezi minne, nikatoka mtu wa Mungu, na tangu hapo kila nikiitwa kutoa ushuhuda nasema nilikuwa peke yangu wodini nikasikia sauti ikiniita mara tatu, na watu wanalia, wachungaji wanne wamepita hapa na wote wamekiri hakuna anayeshuhudia kama mimi. Sasa mshauri, sauti haikuwepo. Yaani ilikuwepo, lakini ilikuwa ya mfagizi wa wodi.

Mfagizi huyo ni mwanamke, nimemzidi miaka kumi na zaidi. Akishapiga deki alikuwa hawezi kutoka mpaka sakafu ikauke, maana muuguzi mkuu hakutaka kuona alama za miguu, basi anaketi kando ya kitanda changu ananisomea Injili, siku za jua mistari michache, siku za mvua sura nzima. Nikamwambia, "Dada, mambo ya kanisa mimi siyataki." Akasema, "Basi inuka uondoke," na mguu wangu umeninginizwa juu kwa kamba. Nikacheka, nikasikiliza. Ni yeye aliyeniuliza kama natia saruji ya kutosha ninapomjengea mtu asiyejua ujenzi, nikageuzia uso ukutani, akasema, "Ukiiba kwenye ukuta wa mtu umemwibia usingizi." Tangu siku ile sijapunja saruji, na matajiri wawili waliotaka niibane wamenifukuza kazi kwa ajili hiyo, sijuti hata kidogo. Na kaka yangu ambaye tulikuwa hatusemeshani miaka sita, ni dada huyo aliyeniandikia barua ya kumwomba radhi, mimi nikimtajia maneno, na tukapatana.

Kwa nini sikumtaja? Niliona aibu, fundi mzima nimefundishwa na mwanamke wa ndoo na tambara. Nikasema hilo jambo la sauti mara ya kwanza, likanoga, nikashindwa kulirudisha. Naye yupo kanisa hilohilo, benchi la pili, ananisikiliza, na hajanisuta hata siku moja. Ila tukikutana mlangoni husema, "Kaka fundi, ile sauti haijambo?" nami namjibu haijambo, tunacheka.

Mwisho wa mwezi anahamia kwa binti yake, mbali, na kwa umri wetu hatutaonana tena. Mchungaji ameniomba nitoe ule ushuhuda siku ya kumuaga. Moyo wangu unataka kumshukuru mbele ya watu, lakini wapo wawili waliookoka kwa kusikia habari ya sauti, mmoja sasa ni mzee wa kanisa. Nikiibomoa, wao watasimama wapi? Mke wangu anasema ninachoogopa ni jina langu tu. Nifanyeje?

Ukidhani natunga, daktari amekufa, muuguzi mkuu amekufa, wagonjwa wenzangu sijui walikoishia. Aliyebaki wa kunithibitisha ni yeye mwenyewe, muulize.

Fundi Timazi

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu.

Nimecheka, kisha nikakukasirikia. Mkeo amesema kweli na wewe unajua. Hao wawili hawakumwamini fundi, walimwamini Mungu, na Mungu hatikisiki ukisema kweli. Wewe mwashi hujui kwamba nyumba ikiisha jukwaa huondolewa, na nyumba haianguki?

Na usijifariji kwamba mnataniana. Mtu anayekuuliza habari za sauti miaka arobaini anakufungulia mlango useme, nawe kila mara umeurudishia kwa kicheko. Hata hivyo una bahati, mzee. Wengi hukumbuka kushukuru wakiwa wameshika udongo wa kaburi. Wako wa kumshukuru yu hai, anacheka, na anakufahamu.

Usingoje siku ya kumuaga, mbele ya watu utanogewa tena. Nenda kwake wiki hii, na mkeo awepo. Omba radhi kwanza, ndipo ushukuru: mtajie saruji, mtajie kaka yako, maana huenda hajui aliyoyafanya yalifika wapi. Muulize kama anapenda yasemwe kanisani, kwani habari hii ni yake pia. Akikubali, mweleze mchungaji mapema, na hao wawili uwaambie wewe mwenyewe kabla hawajasikia benchini.

Siku yenyewe usisimulie ulivyoanguka. Sema, "Dada huyu ndiye aliyenisomea Injili nikaamini, nami nilimficha kwa aibu." Kisha kaa chini. Watu walie, wasilie, wewe kaa, siku hiyo ni yake.