Kiti cha Fundi Viatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza ukali wake, na kwamba dawa unazimeza kama ulivyoagizwa, si pale unapojisikia tu. Sisi hatujambo. Mkweo anakusalimu sana, na mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo hotuba zake sasa zinatoka na upepo.

Uliniuliza kwenye simu sherehe yetu ilikwendaje, nikajibu ilikwenda vizuri, kisha nikasingizia mtandao. Keti nikueleze, maana mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Unajua kazi hii ilivyoanza. Nilikuwa fundi baiskeli wa kuziba pancha na kunyoosha rimu, mpaka asubuhi ile nilipomwona mama fundi viatu wa mtaani kwetu akivuka barabara kwa kutambaa, mzigo wa viatu vya watu ameufunga mgongoni. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Ila swali liliniingia moyoni likakataa kutoka: mbona wewe umetundika magurudumu ukutani, na yeye hana hata moja? Nikaamini ni Mungu, kwa sababu mimi mwenyewe sina kawaida ya kujiuliza maswali mazuri. Nikaunganisha baiskeli mbovu mbili, nikapata kiti cha magurudumu matatu cha kuendeshwa kwa mikono. Mkweo akashona mto wake. Miaka miwili sasa, tumefikisha viti kumi na kimoja.

Ndipo akaja Mkurugenzi wa shirika moja, mpole, viatu vinang'aa. Alisema angetujengea karakana kubwa yenye mashine ya kuchomelea, lakini kwanza iwepo sherehe. Wenye viti wavirudishe vipakwe rangi ya shirika na jina lake liandikwe migongoni mwa viti. Siku yenyewe wakae chini mkekani, mgeni rasmi awainue mmoja mmoja na kuwakalisha vitini mbele ya kamera, kana kwamba ndiyo kwanza wanaona gurudumu.

Fundi viatu alikataa. Alisema kiti anacho mwaka wa pili, kinampeleka sokoni na kwenye ibada, na hawezi kuigiza shida ili mtu mwingine apate picha. Hata hivyo siku ilipofika alikuwa mkekani na wenzake kumi. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu nzima. Jua likawahamia, maana turubai lilikuwa la wageni. Mzee mmoja akaomba apelekwe msalani, akaambiwa avumilie, viti vimeshapangwa safu, visivurugwe. Avumilie, Mama! Mtu mzima, mbele ya wajukuu zake. Na hakuweza.

Mgeni alipofika alihutubia nusu saa nzima kuhusu utu. Picha zikapigwa, gari lake likaondoka. Mara wafanyakazi wa shirika wakaanza kuwateremsha watu mkekani tena na kupakia viti kwenye lori. Kulikuwa na sherehe nyingine kama hiyo mji wa pili siku ya Alhamisi. Viti vingerudishwa baadaye.

Sasa, Mama, linalonikaa kooni ni hili. Aliyemshawishi fundi viatu si Mkurugenzi. Ni mimi. Nilikwenda kibandani kwake nikamwambia ni dakika tano tu, anifanyie mimi. Aliweka chini kiatu alichokuwa akishona, akasema, "Kwa ajili yako, sawa." Na habari za lori nilizijua wiki nzima kabla. Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa jina langu juu ya mlango wa karakana. Mungu alinipa kazi, mimi nikataka kibao.

Kiti chake kilipopandishwa, alivua ndala miguuni, akazivaa mikononi, akaanza kuelekea kwake. Hapo ndipo nilipopanda lori. Mkurugenzi alisema naharibu kila kitu. Nikamjibu, "Vishushwe, au mtanibeba na mimi." Mkweo akasimama mbele ya lori, mikono kiunoni, mpaka dereva akazima injini. Tulivishusha vyote. Karakana haitajengwa.

Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. Nilimkuta akilikwangua jina la shirika kwa kisu chake cha kukatia ngozi. Niliomba nimsaidie, akakataa. "Kazi Mungu amekupa wewe," alisema, "lakini kiti ni changu." Hakusema amenisamehe, na mimi sikumlazimisha.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Na ile picha ya gazeti uliyoniambia umeibandika sebuleni, tafadhali ibandue, Mama. Yule mwanamke aliyekaa chini, nyuma ya tabasamu langu, ndiye yeye.

Ni mimi, mwanao wa pili,
Fundi