Masaa Kumi na Manne ya Baridi

Jumamosi, 15 Machi

Tumepoteza joto. Masaa kumi na manne kamili: kuanzia jana saa kumi na moja jioni hadi leo saa moja asubuhi. Nimefungua darasa, nimeinama kwenye sanduku la mayai, kipimajoto kinasoma ishirini na nne. Kilitakiwa kisome thelathini na saba na nusu! Swichi ya ukutani imezimwa. Umeme haukukatika, friji ya jikoni inanguruma kama kawaida. Imezimwa na mkono wa mtu.

Mayai kumi na mawili. Watoto ishirini na wanne. Kila wawili wana yai lao, na wamelichora alama kwa penseli: jua, samaki, kiatu, na moja ambalo wenyewe wanaapa ni trekta. Leo ni siku ya kumi na mbili, zimebaki tisa. Nimeyagusa moja moja. Baridi tupu.

Nimewasha. Dakika arobaini na tano ndipo joto limerudi. Nimekaa pale kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa kidevu, nikihesabu.

Sanduku hili nimeligongea misumari mwenyewe. Mbao za kabati bovu, balbu moja, feni ya kompyuta iliyokufa, na kidude cha kuzima balbu joto likitosha na kuiwasha likishuka. Hakuna aliyenipa. Hata darasa hili hakuna aliyenipa — niliingia shule hii na fagio mkononi, miaka minne nadeki, mitatu ya masomo ya jioni, ndipo nikaitwa Mwalimu. Sasa mtu anakuja kunizimia!

Na mtu huyo ni nani? Jana nilitoka saa sita kufuata udongo wa kufinyangia, nikamwomba Mzee wa Lango, mlinzi wetu, ayageuze mayai saa kumi na moja jioni. Ufunguo wa pili wa darasa alikuwa nao yeye. Asubuhi hii nimemvaa. Anasema swichi hakuigusa. Anasema aliikuta balbu imezimika, akadhani ndiyo ile kawaida yake niliyomweleza, kwamba ikishiba joto inapumzika. Ah! Nikamwambia, mbele ya mpishi, kwamba kusinzia kazini ni kosa moja na uongo ni kosa la pili. Akaitika:

"Sawa, binti yangu."

Akaenda zake.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kuyageuza mara tatu. 37.5. 37.5. 37.4.

Dada yangu ananicheka. Eti nihamie huko nikayaatamie mwenyewe, maana mwili ninao wa kutosha.

Jumatatu, 17 Machi

Mkuu wa shule amenisimamisha kwenye ukumbi kabla hata sijaweka mkoba chini. Wazazi wanakuja Jumanne ijayo, tarehe ishirini na tano, saa tatu. Ameshawatangazia vifaranga. Nani alimtuma atangaze? Mimi nilisema tunajaribu!

Habari za swichi amezipata, bila shaka kwa mpishi. Hakuuliza mayai yana hali gani. Amesema chekechea ya ng'ambo ya barabara watoto wanaandika sentensi, wetu wanarudi nyumbani na udongo kwenye kucha. Amesema wazazi wanapenda daftari lenye maandishi. Kisha akalisema lenyewe: vifaranga wasipoonekana siku hiyo, muhula ujao kona ya vitendo, hapa penye mayai na udongo, inafungwa, panawekwa madawati. Ugeni wa mafundi ninaowaalika darasani nao basi.

Nikamtajia hesabu. Januari, watoto tisa kati ya ishirini na wanne waliweza kuhesabu hadi ishirini. Leo ni ishirini na mmoja. Wamejifunzia wapi? Kwenye kalenda ya kuhesabu siku za mayai! Kila asubuhi wanapigania kuikata siku. Hakuna daftari lililofanya hivyo.

"Mwalimu," anasema, "mzazi haji kuangalia kalenda."

Nimefundisha siku nzima nimeuma meno. Mzee wa Lango hanisalimu. Ananifungulia geti, anaangalia juu kama anayesubiri mvua.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeaibika.

Tulikuwa tunafinyanga kuku. Yule msichana wa miaka mitano ninayemwita Wakili, kwa sababu hakuna jambo asilolikatia rufaa, kanijia mikono imejaa udongo. Anadai nyota yake ya Ijumaa. Nyota ya nini? Wiki iliyopita si ndiye alikuwa Mkaguzi wa Taa?

Mkaguzi wa Taa nimemwanzisha mimi. Mwezi uliopita nilimleta fundi wa umeme darasani, akawaonyesha waya, soketi na koleo, akawaimbisha mpaka wakakauka sauti: ukitoka, zima! Ukitoka, zima! Nikaona vizuri sana. Nikashona beji. Kila wiki mtoto mmoja anaivaa, na wakati wa kwenda nyumbani anakagua.

"Nilizima zote, Mwalimu. Ya dari, ya feni, na ya mayai. Ya mayai iko juu, nilipanda kiti."

Nikamuuliza, si niliwakataza kugusa sanduku?

"Sikugusa sanduku. Niligusa ukuta."

Haya. Mkatie rufaa huyo!

Mimi nilikuwa njiani nafuata udongo. Msaidizi wangu wa darasa alikuwa getini anawakabidhi watoto kwa wazazi. Naye Wakili juu ya kiti, anatii sheria yangu neno kwa neno. Watoto huondoka saa sita na nusu. Kwa hiyo si masaa kumi na manne. Ni kumi na nane na nusu. Nimepiga hesabu mara mbili, haikubali kupungua.

Nimempa nyota. Ningefanya nini? Nikamwambia tu kwamba swichi ya mayai haizimwi.

"Mbona hukusema?"

Nikamnawisha udongo mikononi.

Nikaenda getini. Nikamwambia Mzee wa Lango kwamba nimemkosea, nimempaka matope asiyostahili, anisamehe. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Ulinitukana mbele ya mpishi, binti yangu. Nikiombwa msamaha hapa getini, jikoni nani atajua?" Haki yake. Tukaongozana hadi jikoni, nikarudia yote kuanzia mwanzo, mpaka Wakili na nyota yake. Mpishi alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Mzee wa Lango hakucheka. Alinishika bega, akarudi kazini.

Jumatano, 19 Machi

Mfugaji amekuja kumulika mayai. Mama mnene mwenye buti za mpira, watoto wakambatiza papo hapo Mama Kuku, naye akaitika.

Tumefunga mapazia, tumeziba na dirisha kwa mkeka. Giza. Ana tochi ameivalisha bomba la karatasi, analipachika yai juu yake, na yai linawaka jekundu kama taa. La kwanza lilikuwa la samaki. Mishipa imesambaa kama mizizi, na katikati kitu cheusi — kikaruka!

"Kinacheza! Kinacheza!" Watoto ishirini na wanne kwa mpigo mmoja. Mimi pia nilipiga kelele, nakiri.

Kisha la jua. Hakuna. Weusi umetulia upande mmoja, ukilipindua unamwagika kama uji. Viza.

Hesabu ya mwisho: manne yanacheza, matano ni viza. Matatu Mama Kuku ameyazungusha, ameyasogeza kwenye tochi, akatikisa kichwa. "Haya siyaapii." Amesema baridi ile inaweza kuwachelewesha vifaranga siku moja, pengine mbili. Nisiyasaidie kwa kuyapasua. Anayetoka kabla ya wakati wake hufa.

Viza lazima yatolewe, yakipasuka ndani yanaharibu mengine. Nikawaambia watoto moja kwa moja: haya matano yamekufa, yalipata baridi. Sikuzunguka. Nani kaleta baridi sikusema. Mmoja alilia, wa jua. Mwingine akauliza kama tunaweza kuyala. Tumechimba shimo karibu na bomba. Wakati wa kufukia, bila kuulizwa, mtoto mmoja akakunja vidole: yalikuwa kumi na mawili, tumezika matano, yamebaki saba. Wengine wakamkagua kwa vidole vyao. Kutoa! Nilipanga kuwafundisha kutoa mwezi wa sita!

Wale kumi waliobaki bila yai, kila mmoja amechagua wenzake wa kujiunga nao. Wenyewe. Sikuwapangia.

Mkuu yeye aliona kilio tu, dirishani. Saa saba kaniita: nimeleta mtaalamu aje kuwaliza watoto? Nikamwambia alilia mmoja, kwa dakika tatu, kisha akaomba jembe.

Alhamisi, 20 Machi

Bibi wa yule wa jua kaja getini. Nikajua leo ni leo. Kumbe amekuja kuuliza tu: mjukuu wake amemmulika tumboni kwa tochi usiku, eti aone kama kuna kitu kinacheza. Ana miaka sabini na mbili. "Nimwambie nini, Mwalimu?" Nikamwambia amwambie ni viza. Tumecheka mpaka tukashikana mikono.

Kicheko changu cha kwanza wiki hii.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya kumi na nane. Tumeyageuza mara ya mwisho, sasa hayaguswi. Maji zaidi kwenye kikombe, hewa iwe na unyevu. Beji ya Mkaguzi wa Taa nimeishonea mstari mwekundu wa kukataza, na swichi ya mayai nimeifunika kwa kopo la plastiki. Nimechelewa kiasi gani? Wiki moja kamili.

Mkuu amepita mara mbili. Hakuangalia sanduku. Aliangalia ukutani, anapima kwa macho madawati yataingia mangapi. Sita. Nilishapima.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya ishirini na moja. Saa moja asubuhi: hakuna ufa. Saa nne: hakuna. Watoto wamelala kifudifudi kulizunguka sanduku kama wanaosubiri chakula. Saa sita na nusu wakaenda nyumbani, Wakili analalamika kwamba kalenda imetudanganya.

Saa nane Mkuu ananiita ofisini. Chini ya meza yake kuna katoni ya sabuni imetobolewa matundu, na inalia. Vifaranga. Wa manjano, wa siku moja.

"Saba," anasema. "Sawasawa na mayai yako."

Alihesabu! Muhula mzima hataki hesabu zangu, leo amehesabu.

Amenipangia kila kitu. Jioni nitoe mayai, niweke hawa. Kesho wazazi wanaingia, watoto wanapiga makofi, kona inabaki, kila mtu anafurahi. Eti funika kombe mwanaharamu apite.

Nikamuuliza, na maganda je? Kifaranga huacha ganda. Watoto watatafuta samaki wao, kiatu chao, trekta yao.

"Yapasue," anasema. "Mwaga vya ndani, tandaza maganda."

Nikamwambia manne kati ya hayo nimeyaona yakiruka kwa macho yangu. Yamechelewa tu, Mama Kuku alisema yatachelewa.

Akainamisha kichwa, akasema kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniumiza: "Kwani yule mtoto wa swichi ulimwambia ameua mayai matano? Hukumwambia. Ulimpa nyota. Mwalimu wangu, nakuomba uwape na hawa wengine ishirini na watatu nyota zao."

Nilisimama pale kama mwizi aliyeshikwa na shati. Kweli tupu. Sikumwambia. Nilijiambia ni huruma, na huenda ilikuwa huruma, lakini na kosa langu nalo lilijificha humohumo chini ya nyota.

Nikasema nitafikiri. Akafunga ofisi, katoni ndani, akaondoka saa kumi.

Nimerudi darasani. Nimelichukua yai la kiatu, kwa sekunde chache tu, nikaliweka sikioni. Nikasikia. Sauti ndogo, kama msumari kwenye bati la mbali, kisha kilio chembamba. Lakini ofisi na darasa vimetenganishwa na mbao tu, na upande ule kuna saba wanaolia bila kupumzika. Nimesikiliza mara tano. Mara tatu ningeapa ni kiatu. Mara mbili, nisingeapa.

Mzee wa Lango amekuja kuaga zamu. Aliona uso wangu. Aliutoa ufunguo wake wa darasa kwenye pete, akauweka juu ya sanduku. "Leo nimeona nikuachie na huu."

Nimeandika barua, nimeipitisha chini ya mlango wa ofisi. Nainakili hapa, ili kesho nisije kujidanganya kwamba niliandika laini zaidi:

"Mkuu. Mayai saba yako kwenye joto na yatabaki kwenye joto. La yule mtoto umenipata. Kesho, kabla wazazi hawajaingia, nitawaambia wote ishirini na wanne kwamba swichi ilizimwa kwa sababu mwalimu wao alitoa sheria nusu. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe. La katoni sitalibeba. Ukitaka wazazi waone vifaranga wako, waone, na waambiwe umewanunua Jumatatu. Ukitaka kona ifungwe, ifunge wewe, kwa mdomo wako, watoto wakiwa wamesimama hapo. Mimi nauliza moja tu, na usinijibu kwa methali: kesho saa tatu wazazi wanaonyeshwa mayai, au wanaonyeshwa uongo? Nataka jibu kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Nitakuwa ndani ya darasa, na funguo zote mbili ninazo mimi."