Mgambo na Godoro la Pamba

Jumatatu, 6 Juni 1983

Nimechota maji. Nimefagia uwanja. Nimezoa majivu ya jikoni nikampelekea shangazi, kama kila asubuhi tangu likizo ianze. Sabuni hakuna dukani. Shangazi ana kopo la mafuta lililotobolewa chini. Anashindilia majivu, anamwagia maji juu, yanadondoka chini yakiwa ya njano kama chai ya rangi. Hayo ndiyo tunayofulia. Vidole vyangu vimechubuka. Siku hizi jivu halimwagwi ovyo hapa. Hata paka kanyang'anywa la kwake, boksi lake kule stoo limewekwa pumba za mpunga.

Paka anaitwa Mgambo. Ni dume, mkubwa, sikio moja limechanika. Baba Holo, mume wa shangazi, ndiye aliyempa jina, kwa sababu analinda magunia ya mpunga dhidi ya panya. Jua likizama anafungiwa ndani. Paka akionekana mtaani gizani watu wanamrushia mawe, wanasema katumwa.

Sista anayetufundisha Kiingereza alituagiza tuandike shajara likizo nzima. Ile ya kwake naandika kwa Kiingereza: hali ya hewa, chakula, nimemsaidia shangazi yangu. Hii ni ya Kiswahili. Hii haiendi kusomwa na mtu.

Natamani nyumbani Ushirombo. Dizeli hakuna, mabasi hayaeleweki. Baba aliandika nikae hapa Shinyanga kwa dada yake mpaka shule ifunguliwe.

Jumanne, 7 Juni

Nimeamka nimelowa.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 8 Juni

Naandika zaidi. Jana alfajiri nilihisi baridi mgongoni. Nikapeleka mkono. Shuka limelowa, gauni limelowa, godoro limelowa. Harufu kali. Nina miaka kumi na mitano.

Nililala palepale juu ya ubichi mpaka Holo alipotoka. Holo ni binti wa shangazi, ana miaka kumi na miwili, kitanda chake kiko ukuta wa pili. Nikageuza godoro. Nikafua shuka haraka, nikasema limemwagikiwa chai. Shangazi akaniangalia. Sukari yenyewe hatuna, chai ya kumwaga kitandani nimeitoa wapi?

Leo nimeamka mkavu. Asante Mungu. Labda ni mara moja tu. Labda ni baridi ya Juni.

Alhamisi, 9 Juni

Tena.

Safari hii Holo alinusa kabla sijainuka. Akakaa kitandani kwake, akanitazama, akasema, "Dada Minza, mbona mvua imenyesha upande wako tu?" Kisha akakimbia kumwambia mama yake.

Shangazi hakunipiga. Bora angenipiga. Aliliburuta godoro mpaka uwanjani, akalianika juu ya matofali, mbele za watu. Ni godoro la pamba, alilijaza mwenyewe kwa masalio ya shambani. Doa la njano katikati, kubwa kama sinia. Mama Siwema, jirani, akachungulia juu ya ua wa minyaa. "Mama Holo! Kumbe una kichanga ndani? Hongera, mbona hukutualika?"

Shangazi akacheka kidogo, bila kuonyesha meno. Mimi nikaingia jikoni nikakaa na moshi.

Ijumaa, 10 Juni

Naogopa mwili wangu. Naandika hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Nikiwa macho ni wangu, nikilala unafanya mambo yake.

Sikumbuki kuota chochote. Sikumbuki kubanwa. Nasinzia, naamka, nimelowa. Hilo ndilo linalonitisha.

Shuleni, bwenini kwetu, alikuwepo msichana wa hivyo. Kila asubuhi godoro lake kwenye nyasi, karibu na bomba, pale kila mtu anapopiga mswaki. Walimwita Ziwa. Hata walimu walijua. Kabla ya likizo alikuja kaka yake na baiskeli, akafunga sanduku nyuma, wakaondoka. Kitanda chake kimepewa mwingine.

Jioni shangazi alisema jambo ambalo nililijua litakuja. "Bwenini hutarudi hivyo. Nitamwambia nini baba yako? Kwanza upone." Shule inafunguliwa mwezi ujao. Nisiporudi, hawatanisubiri. Dada yangu hakwenda sekondari, sasa ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na jembe la kwake mwenyewe.

Kuanzia leo sinywi maji baada ya mchana.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani kichwa kiliniuma kwa kiu. Wakati wa komunyo niliona nyota.

Jana shangazi aliniondolea godoro, nikalala sakafuni kwenye mkeka. Nimeamka mkavu kabisa. Nilifurahi nikamwambia. Nikadhani tumepona.

Akasema, "Unaona? Kumbe ukilala pagumu unajizuia. Ni uvivu wa kuamka." Akamwambia Baba Holo mezani, mbele yangu, nikiwa na tonge mdomoni. Baba Holo ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, hasemi sana. Alisema, "Mrudishieni godoro tuone."

Mbele ya Baba Holo sauti yangu hukwama. Si kiburi. Inafika kooni inakaa.

Jumatatu, 13 Juni

Nimelowa. Sana kuliko siku zote.

Na sikunywa hata tone. Midomo imepasuka kwa kiu. Maji yametoka wapi?

Nimefikiria ugonjwa. Nimefikiria kurogwa. Nimemfikiria mama mmoja wa Ushirombo aliyegombana na mama kisimani. Nikasali rozari, nikaona aibu, nikasali tena.

Jumanne, 14 Juni

Mama Siwema kamwambia shangazi kuna bibi njia ya Kolandoto anayetibu. Anachanja kwa wembe chini ya kitovu, anapaka dawa nyeusi, siku hiyohiyo unapona. "Yule hashindwi," anasema. "Alimponya mjukuu wangu, sasa anapita hata kisima bila kukojoa." Akajicheka mwenyewe.

Tunakwenda Jumamosi. Shangazi kaniambia huku anakamua shuka, hakunitazama. "Ni kidogo tu. Hutakufa."

Nimeuliza kama tunaweza kupita hospitali kwanza. Nimeuliza kwa sauti ndogo mno, labda hakusikia. Labda alisikia.

Wembe wa dukani hakuna siku hizi. Atatumia upi?

Jumatano, 15 Juni

Naandika haraka, mwandiko mbaya.

Jioni tulikuwa tunakula nje, ugali na dagaa. Kulikuwa na baridi. Nikaingia chumbani kuchukua kanga. Mafuta ya taa yanabanwa kwa hiyo chumbani hatuwashi koroboi, tunalala kwa kupapasa. Lakini mwanga wa machweo ulikuwepo bado, umepita dirishani.

Mgambo alikuwa juu ya godoro langu. Katikati. Amechuchumaa, mkia umenyooka nyuma unatetemeka. Ananitazama usoni. Hakukimbia. Alimaliza, akakwangua shuka mara kadhaa kama anafukia, akashuka, akanipita mguuni.

Nilipeleka mkono. Moto.

Nikakaa chini sakafuni. Nililia, lakini kwa kicheko. Si mimi. Si mimi. Si mimi. Pamba inakunywa, juu panabaki ubichi kidogo, gizani nadhani ni baridi. Nikilala juu yake uzito wangu unaurudisha. Alfajiri nimelowa mgongo mzima. Na juu ya mkeka hakuna cha kunyonya, Mgambo hakuutaka.

Furaha ilikaa muda mfupi. Hofu nyingine imekuja, mbaya zaidi. Nani ataamini?

Nikamwita Holo pembeni nikamwambia. Alinicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, msingizie paka! Yeye hawezi kujitetea. Kesho utasema ni kuku!"

Na kuna Baba Holo. Paka wa kwanza aliiba maziwa. Baba Holo alimtia kwenye gunia, akaenda naye bwawani, akarudi na gunia tupu. Alinisimulia Holo mwenyewe. Nikisema, Mgambo anakufa. Nisiposema, wembe. Wembe nitauvumilia labda, lakini baada ya wembe godoro litalowa tena, na watasema nimeshindikana, na shule basi.

Usiku huu nimelala sakafuni. Nimesema tumbo linauma.

Alhamisi, 16 Juni

Nilifanya kitu bila kuomba ruhusa. Asubuhi, badala ya kumpelekea shangazi majivu, nilimwaga pumba za boksi la Mgambo nikajaza majivu. Niliwaza: kabla ya pumba hakukuwa na tatizo. Ni tangu pumba. Zinachoma. Hata mimi zikiingia kwenye viatu nachechemea.

Shangazi akaenda kwenye kopo lake, hakuna. Sauti ilisikika mpaka kwa Mama Siwema. "Majivu yangu! Ninafua na nini, mate? Shuka zako nazifua kila siku halafu majivu unampa paka?"

Baba Holo alikuwa ndani, zamu yake ni ya jioni. Akatoka na fulana. Wote wakanitazama. Sauti ikafika kooni ikakaa. Nikaona ule wembe. Ikatoka.

"Si mimi, shangazi. Ni Mgambo. Nimemwona jana. Hapendi pumba."

Holo akacheka puani. Shangazi akasema, "Sasa umeanza na uongo." Baba Holo akaingia stoo akatoka na gunia.

Akasema, "Tuone. Paka akiziacha pumba akafanya kwenye majivu, nitaamini. Asipofanya, Jumamosi unakwenda kwa bibi na sitaki kusikia kilio."

Akaweka maboksi mawili sakafuni mwa stoo, la majivu na la pumba. Akampa Mgambo dagaa na bakuli la maji, akafunga mlango. Tukakaa wote wanne juu ya magunia ya mpunga, tunamtazama paka. Watu wazima wawili. Nje Mama Siwema anaita hodi, hakuna anayeitika.

Alikula. Alikunywa. Alijilamba mguu, mgongo, mguu mwingine. Alilala. Baba Holo akaanza kukoroma, shangazi akamsukuma kwa kiwiko. Nilikuwa namwomba paka kimoyomoyo, kwa Kisukuma, mtoto mzuri, amka.

Aliamka. Akajinyoosha. Akaenda moja kwa moja kwenye pumba. Niliona giza. Akanusa, akatia mguu mmoja, akautoa, akaukung'uta kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akasimama. Kisha akageuka, akaingia kwenye majivu, akachimba, akachuchumaa, mkia ukatetemeka.

"Mayu! Mama yangu!" Holo alisema.

Shangazi akainuka. Akainama kwenye boksi akanusa. Akaenda chumbani kwetu, nikamsikia anavuta godoro, ananusa. Kisha akanusa tena, kwa muda mrefu zaidi. Alipotoka alipita mbele yangu akaenda nje. Hakurudi mpaka wakati wa kupika.

Baba Holo alilikunja gunia akalikalia. "Mimi pia zingenichoma," akasema. Ndiyo maneno ya kwanza ya upole aliyowahi kunielekezea.

Ijumaa, 17 Juni

Mkavu. Nimelala kwenye mkeka kwa hiyo haihesabiki, lakini mkavu.

Mgambo yuko hai. Majivu yanagawanywa, yeye nusu, shangazi nusu.

Hakuna aliyesema safari ya kesho imefutwa. Sithubutu kuuliza. Shangazi hajaongea na mimi tangu jana ila "lete", "peleka". Labda amekasirika kwa sababu nimemwonyesha kosa mbele ya mumewe. Labda bado anataka twende, kwa kuwa neno limeshatoka na Mama Siwema keshatangaza mtaa mzima. Nimekunja gauni la safari. Naogopa kama mwanzo.

Jumamosi, 18 Juni

Nilivaa mapema nikakaa kibarazani. Shangazi akatoka na mkasi. Nikasimama. Nadhani uso wangu ulisema yote, maana akautazama mkasi, akanitazama mimi, akasema, "Kaa chini, ng'wanone, mwanangu. Ni wa godoro."

Alilifumua upande mmoja. Tukalitandaza kwenye jamvi, tukatoa pamba yote iliyoharibika, ya njano, imeshikana kama mkate mbichi. Holo akaipeleka shimoni ameziba pua. Shangazi akaleta kapu la pamba mpya, ya mavuno haya, bado ina mbegu. Tukakaa tunachambua, yeye upande wake, mimi upande wangu. Mbegu kwenye bakuli, pamba kwenye jamvi. Jua halikuwa kali.

Shangazi akasema, akiwa ameshika kazi, kwamba yeye aliacha kukojoa kitandani akiwa mkubwa kuliko mimi. Kwamba mama yake, bibi yangu, alimpeleka kuchanjwa, mara ya kwanza, na mara ya pili. Akashusha kanga kidogo kiunoni, akanionyesha. Mistari midogo, imevimba, mingi.

Nikauliza kama ilisaidia.

"Haikusaidia. Niliacha tu." Akafunga kanga. "Nilipoona godoro lako nilidhani ni damu yetu. Nilidhani nimekuletea mimi."

Nilisogeza bakuli la mbegu karibu naye, asiwe ananyoosha mkono mbali.

Tukaendelea mpaka jua likafika kwenye ua. Kisha akatunga uzi, nikamshikia mdomo wa godoro, akashona.