Mchicha wa Itongoni

Kijijini, 4 Novemba 2024

Dada Philomena,
Shikamoo. Za Nyasubi na biashara? Sisi hatujambo kiasi, ila njaa huku haibishi hodi. Simu zangu hupokei, basi barua hii nampa Ayubu wa basi.

Mwaka wa pili mvua inatukosa. Bustani ya shule imekauka, watoto wanashindia uji mtupu na wengine wanaanguka mstarini. Ardhi yenye unyevu imebaki moja: itongo lenu, pale ilipokuwa nyumba ya mama yako. Samadi ya ng'ombe wenu bado ipo. Tangu siku ile hakuna aliyelima pale, wala anayekatiza. Nisamehe kukuandikia haya. Naomba ruhusa tupande mchicha.
Mdogo wako,
Sesilia

Nyasubi, 30 Novemba 2024

Mdogo wangu,
Marahaba. Mimi mzima, dagaa wanatoka. Za darasani?

Waliosema mama kafunga mvua kwa macho yake mekundu, wakamchomea ndani, leo wanataka kula pale pale? Macho yale yalikuwa ya moshi wa kuni, na wewe unajua, umekula ugali wake. Nina hasira, Sesi. Lakini mtoto hana kosa. Pandeni. Sharti langu ni moja: kabla ya sufuria ya kwanza, simama mbele ya wazazi utaje jina lake na alivyokufa.
Dada yako

Kijijini, 12 Januari 2025

Dada,
Shikamoo. Kwema huko? Huku tunasukuma siku.

Nilisimama, nikasema: "Hapa alichomwa mama yetu, Kabula, na waliomchoma ni sisi." Wazazi wakaondoka mmoja mmoja. Watoto wakala.

Sasa naogopa. Kila asubuhi tunakuta matuta yamelowa na hatujamwagilia sisi. Watoto wanasema ni mayu, mama mwenyewe, amerudi. Wengi wamegoma kula, na wazazi wanawaunga mkono. Mwalimu mzima, nywele zinanisimama. Niambie la kufanya.
Mdogo wako

Kijijini, 20 Februari 2025

Dada,
Shikamoo. Natumaini u mzima. Hukujibu, nami sikulaumu.

Nimemwona anayemwagilia. Nilikwenda kunapambazuka, nikasikia mtu anamwamkia mama kwa jina lake, nikataka kukimbia. Ni mzee Maduhu, yule aliyewasha kiberiti. Anabeba madumu toka mtoni, na uzee ule. Aliponiona hakujificha. Akasema, "Tangu siku ile hajaniacha nilale. Muulize binti yake kama niendelee."

Watoto nimewaambia ukweli, wamerudi kula. Lakini mto umekauka, maji yanachimbwa chini sana mchangani sasa, na hakuna mwingine anayekubali kupeleka maji pale. Akiacha, mboga imekufa. Nakuuliza kama alivyoniagiza.
Mdogo wako

Nyasubi, 3 Machi 2025

Sesi wangu,
Marahaba. Afya ipo, usingizi ndio mgeni.

Barua yako ilinikuta sokoni, nikalia mbele ya wateja mpaka wakanifungia meza. Mtu yule, wanawe wote walipokelewa na mikono ya mama, wakati zahanati haijajengwa. Alimjua vizuri kuliko wengi. Nimemchukia miaka yote hii, na bado namchukia.

Mwambie amwagilie mpaka mvua irudi. Watoto washibe.

Yeye asionje hata jani.
Dada yako