Leta Asali

Mjukuu wangu Mwajuma,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Ipuli tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umenitumia ule wimbo wa Kizungu wa vinanda vya umeme, uliorudiwa na waimbaji wengi, ukauliza nani anauimba sawasawa. Nimewasikiliza wote. Hakuna!

Marehemu babu yako, alipokuwa mwimbaji wa bendi hapa Tabora, aliunasa redioni. Kiingereza hakujua. Kiitikio akakisikia “leta asali”, na ukumbi mzima tukaitikia hivyo. Siku moja mrina asali wa Ipole akapanda jukwaani na kibuyu kimejaa. Tulilamba vidole tukicheza.

Sasa kichanga akilia namwimbia “leta asali”, ananyamaza. Wazungu walisema nini hasa, mjukuu wangu, usiniambie.

Bibi yako