Kikwembe yako ku siku ya Prudence

Kabondo, Kisangani

Kasoki mutoto wangu,

Mama anakusalimia. Unakula vizuri kule Butembo? Ile kikohozi imeisha?

Bon, mudogo wako Prudence amepata diplome ya iniversite! Ni wa kwanza mu jamaa yetu. Ku picha yenye ninakutumia utaniona na nguo yangu ya zamani ya misa. Usikasirike. Ile kikwembe ulituma juu ya siku hii, rafiki yangu Georgette aliiomba aende nayo ku matanga ya Ubundu. Tangu pale, nikimuambia airudishe, ni "kesho, dada" tu.

Alors, tunafika ku sherehe, ninaona nani? Georgette, amevaa kikwembe yangu! Nikamuita mbele ya watu: "Kuya ukae karibu yangu, dada. Hiyo nguo Kasoki aliituma juu ya Prudence, acha imuone."

Watu wakacheka.

Kisha tukamwangia Prudence poudre, ile unga nyeupe ya batoto, ku kichwa, vile tunafanyaka kwa mutu amepata diplome. Ikaruka kila fasi. Georgette akalia: "Eh, pole pole, kikwembe!"

Nikamumwangia na yeye, mikono mbili yenye kujaa.

"Usiogope, dada. Iko yangu."

Ni mimi mama yako, mama ya mutu wa diplome.